Kiwanja cha Mapumziko Lushoto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua au Kuuza



Kila mwaka joto la Dar es Salaam linapoanza kuwa kali, magari ya wageni huonekana kwa wingi katika barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto. Watu huja kupumzika, hula plamu na peasi, hutembea hadi Irente kutazama nyika iliyo chini, na wengi wao kabla ya kushuka huuliza swali moja: je, hapa kiwanja kidogo kinapatikana? Mmoja anataka mahali pa kujenga kijumba cha kupumzikia na familia yake. Mwingine anasema ardhi haiozi, basi anunue nusu ekari aiache ipande bei. Swali hilohilo huulizwa pia na wajumbe wa kamati za sharika na parokia wanaofikiria kuwa na kituo cha mafungo au hosteli ya kitega uchumi, na hata na marafiki wa ng'ambo ambao wamewahi kututembelea na wakaupenda mlima.

Swali hilo halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Tumeona ni vema kueleza jinsi mambo yalivyo kisheria na jinsi yalivyo mlimani kwenyewe, kwa sababu hayo mawili hayafanani kila mara.

Mlima uliotamaniwa tangu zamani

Hamu ya watu wa mbali kuwa na kipande cha Usambara si jambo geni. Wajerumani waliifanya Lushoto makao ya wilaya na kuipa jina la Wilhelmstal, wakapapenda kwa sababu ya hewa ya baridi, kwani mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Amri ya mfalme wao ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya taji. Tatizo lilikuwa katika kuamua ni ardhi ipi isiyo na mwenyewe. Msambaa aliyeliacha shamba lipumzike miaka kadhaa hakuwa amelitupa, lakini mgeni aliyepita njiani aliona pori. Ndivyo mashamba makubwa ya walowezi yalivyopatikana.

Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walitunga sheria yao ya ardhi mwaka 1923, wakaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya usimamizi wa Gavana, na Lushoto ikaendelea kuwa mahali pa mapumziko ya maofisa. Wakati huohuo wenyeji walizidi kubanwa kwenye miteremko. Mpango wa Usambara ulioanzishwa baada ya vita kuu ya pili uliwalazimisha wakulima kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Wakulima, hasa wale wenye ardhi kidogo, waliupinga vikali mpaka ukaachwa mwaka 1957. Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili ambayo mtu yeyote anayetaka ardhi huku ayafahamu: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwao jambo la ardhi halikuwa la shamba na mipaka tu. Lilihusu mvua, shibe na amani ya watu wote.

Mwaka 1958, wakati Waingereza wakipendekeza Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza watakavyo, Mwalimu Nyerere aliandika makala yenye kichwa "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi maskini, ardhi ikishafanywa bidhaa ya sokoni, wachache wenye fedha wataichukua na wengi watabaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru, umiliki wa moja kwa moja ulifutwa mwaka 1963 ukageuzwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi. Hapo ndipo tulipo hadi leo.

Kinachouzwa hasa ni nini?

Kwa sheria, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mtu anaposema amenunua ardhi, kwa hakika amenunua haki ya kuikalia na kuitumia. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi.

Kiwanja kilichopimwa ndani ya mji wa Lushoto kwa kawaida ni ardhi ya jumla. Mwenye nacho hupewa hatimiliki ya muda maalum, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na hutakiwa kukiendeleza kulingana na masharti yaliyoandikwa ndani ya hati. Kwa kiwanja cha namna hii kazi ya mnunuzi ni nyepesi kiasi. Afike ofisi ya ardhi, aombe upekuzi rasmi, aone jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki uliowekwa juu yake, na kama pango limelipwa. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, hivyo shughuli nyingi zilizokuwa zikipelekwa mbali sasa zinaishia Tanga.

Lakini viwanja vyenye mandhari ambavyo wageni wanavipenda, vile vya ukingoni ambako mtu anaona hadi nyika ya Mkomazi, vingi viko vijijini. Huko habari ni nyingine kabisa.

Ardhi ya kijiji

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mwanakijiji anaimiliki kwa haki ya kimila, awe ana cheti au hana, na haki hiyo ina nguvu sawa na ile ya hati ya mjini. Kijiji kinapogawa ardhi yake kwa mtu, halmashauri haiwezi kufanya hivyo bila kwanza kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Na mwanakijiji mmoja mmoja anapotaka kumwachia mtu mwingine haki yake, ni lazima halmashauri ya kijiji iidhinishe. Halmashauri hutazama kama anayenunua anakusudia kuishi au kufanya kazi kijijini, na kama mauzo hayo hayatamnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Ina uwezo wa kukataa.

Watu wengi hawalielewi hili, au wanalielewa na kulipita pembeni. Dalali huleta mnunuzi, karatasi huandikwa mezani, mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili huweka saini, fedha hutolewa, soda hunywewa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fedha zimetolewa, na zaidi ya hapo haina uzito mkubwa. Mahakama ya Rufani iliamua tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya shamba ndani ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji hayana nguvu, na msimamo huo umerudiwa katika mashauri ya baadaye. Saini ya mwenyekiti peke yake siyo halmashauri. Kinachotakiwa ni kikao halali chenye akidi, na muhtasari wenye majina ya waliohudhuria.

Upande wa pili wa jambo ni wanandoa. Mke au mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hilo limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Na mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ardhi kwa sababu tu ya hali yake imebatilishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mnunuzi mwenye busara haridhiki na kumwona baba peke yake. Huomba kuonana na mama, na watoto wakubwa ikiwezekana. Ardhi nyingi huku ni ya kurithi, na mara nyingi anayeiuza ni mmoja tu kati ya ndugu watano.

Hatua sabini mteremkoni

Hapa tuseme kidogo kuhusu vipimo, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Madalali husema ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, yaani karibu mita 64 kwa 64. Hatua ya mtu si mita, na hatua za mwenye kuuza zina tabia ya kuwa fupi kuliko za mwenye kununua.

Isitoshe, Lushoto si Handeni. Mpima ardhi hupima umbali wa ulalo, kama vile ardhi ingekuwa tambarare, kwa sababu ndivyo ramani inavyochorwa. Ukitembeza kamba mita 70 kushuka mteremko wa nyuzi 30, mpimaji ataandika mita 60 na ushei. Mraba wa mita 70 kwa 70 uliopimwa kwa kamba, wenye kuonekana kama mita za mraba 4,900, kwenye ramani utakuwa kama 4,240 tu. Hakuna aliyeiba. Ila kama makubaliano yaliandikwa kwa mita za mraba bila kusema zilipimwaje, mtu atajiona ameibiwa. Afadhali kuandika mipaka kwa alama zinazoonekana, masale, jiwe, mti wa mgrivea, njia, pamoja na majina ya majirani wa pande zote nne waliosimama hapo siku hiyo, halafu vipimo vifuate.

Maji, msitu na njia za miguu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mabonde membamba ya Usambara, mita 60 kila upande wa kijito zinaweza kumeza kiwanja chote cha nusu ekari. Yule anayeota nyumba yenye sauti ya maji chini ya dirisha ajue hivyo kabla hajatoa fedha. Kuchepusha maji ya kijito kwa ajili ya bwawa la samaki au bustani kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana maji haya yanashuka hadi kwa watu wengine.

Mipaka ya hifadhi nayo iangaliwe. Msitu wa Magamba ulipandishwa hadhi mwaka 2016 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na Amani, upande wa Usambara Mashariki, ilitangulia mwaka 1997. Shamba linalopakana na msitu likiuzwa na dalali, mpaka una tabia ya kusogea ndani ya msitu kidogo kidogo. Ofisa wa misitu ataupeleka mnunuzi kwenye vigingi, na kazi hiyo ni ya asubuhi moja.

Kuna jambo ambalo halimo katika hati yoyote nalo ni njia za miguu. Milima hii imejaa vijia: cha kwenda chemchemi, cha shule, cha kupelekea kabichi barabarani. Mgeni akiweka uzio wa seng'enge bila kuuliza, akina mama watazunguka kilomita moja na ndoo kichwani. Uzio huo hautadumu, na yeye mwenyewe hatapata mapumziko aliyoyafuata.

Je, kuna faida?

Kwa mtu anayetaka kupumzika na watoto wake mara mbili kwa mwaka, hesabu ya kweli ni kwamba kulala katika nyumba za wageni zilizopo kutamgharimu kidogo kuliko kujenga, kuweka mlinzi, na kukarabati paa baada ya kila masika. Tunasema hivyo tukijua wengi hawatatusikia. Kuwa na mahali pako kuna utamu ambao hesabu haiuoni.

Kwa anayenunua ili bei ipande, ayafikirie haya. Ardhi isiyoendelezwa inavunja masharti ya hati mjini. Kijijini inaleta manung'uniko, kwani kuna vijana wasio na pa kulima wanaoitazama kila siku. Akiiacha kabisa, jirani ataanza kukata majani ya ng'ombe, kisha atapanda maharage, kisha atajenga. Sheria inatoa miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani. Baada ya hapo mdai huwa amechelewa. Kupanda mikaratusi, jambo ambalo wengi hulipenda kwa kuwa haihitaji matunzo, karibu na chemchemi ni kujitafutia kesi na kijiji kizima. Miti ya mgrivea, au parachichi mahali penye udongo mzuri, huleta amani zaidi. Gharama za uhamisho nazo zisisahauliwe: kodi ya TRA itokanayo na mauzo, ushuru wa stempu, mpimaji, na wakili. Vipande vidogo huumia zaidi, maana gharama nyingine ni zilezile kwa robo ekari na kwa ekari kumi.

Upande wa mwenye kuuza

Mpaka hapa tumeongea na mnunuzi. Lakini kamati nyingi zinazosoma ukurasa huu zinaishi na wauzaji, na hapo ndipo uzito ulipo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, pamoja na Bumbuli. Hao wote wanagawana milima ambayo sehemu yake ni misitu ya hifadhi na nyingine ni majabali.

Tuchukue mfano wa baba mwenye ekari mbili na watoto sita. Chini bondeni ana kipande cha kabichi na karoti kinachompa fedha. Katikati kuna migomba, kahawa chache na mahindi. Juu kabisa, mgongoni mwa kilima, kuna majani, miti michache na mandhari. Mgeni anataka pale juu. Baba anaona ameuza mahali pasipozaa, tena kwa fedha ambazo kabichi za miaka mitano hazileti. Analipa ada, anamaliza deni la hospitali, anamnunulia kijana pikipiki.

Sasa tazama alichouza. Tangu enzi za Wakilindi, Washambaa wamejenga nyumba zao juu migongoni na kulima chini. Pale juu ndipo wanawe wangejenga. Majani yale ndiyo chakula cha ng'ombe wa zizini, na mbolea ya ng'ombe huyo ndiyo inayofanya bonde lizae. Kuni zilitoka hukohuko. Mwana wa kwanza akioa atajenga katikati, kwenye migomba. Wa pili naye hivyohivyo. Baada ya miaka kumi shamba limekuwa ua wa nyumba, na bonde limechoka kwa kukosa samadi. Pikipiki haipo tena.

Hatusemi mtu asiuze. Kuna shida zinazomfikia mtu ambazo hazina mlango mwingine. Ila kabla ya kuuza kuna njia za kati. Sheria inaruhusu kukodisha haki ya kimila kwa muda maalum, kwa idhini ya halmashauri ya kijiji. Mgeni hupata mahali pake kwa miaka waliyokubaliana, familia hupata kodi kila mwaka, na ardhi hurudi. Mwingine anaweza kuuza miti iliyosimama badala ya ardhi. Mwingine huweka chumba safi cha wageni nyumbani kwake, kwa kuwa watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae wamekuwa wakipita vijijini tangu miaka ya 1990, na wanalala mahali fulani.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Usharika au parokia kama ulivyo hauna uwezo wa kisheria wa kumiliki ardhi. Anayemiliki ni Bodi ya Wadhamini walioandikishwa wa dayosisi au jimbo. Kiwanja kikiandikwa kwa jina la mchungaji, la padre, au la mzee wa kanisa anayeaminika, siku akifariki kitakuwa sehemu ya mirathi yake, na warithi wake hawatakuwa wamekosea kukidai. Hali kadhalika ardhi iliyotolewa kama sadaka kwa mdomo. Mtoaji angali hai, iandikwe, familia yake ishirikishwe, na ipite kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji.

Kwa marafiki zetu wa ng'ambo: mtu asiye raia wa Tanzania hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hapo hupewa haki itokanayo na ile inayoshikiliwa na mamlaka ya uwekezaji. Nyumba ya mapumziko haiingii hapo. Wapo wanaoshauriwa kununua kwa jina la rafiki Mtanzania. Kisheria kiwanja hicho ni cha rafiki huyo, na urafiki mwingi umeishia hapo. Mfadhili anayetaka kusaidia usharika upate ardhi atoe fedha kwa Bodi ya Wadhamini, kwa mkataba unaoeleza matumizi, na aombe nakala ya hati na ya muhtasari wa kijiji kabla ya kutuma awamu ya pili.

Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Ikishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu. Katika ngazi zote hizo karatasi ya kwanza kuulizwa kuhusu ardhi ya kijiji ni ule muhtasari wa kikao cha halmashauri. Utoke katika nakala tatu zenye mhuri: moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, na ya tatu ibaki katika jalada la ofisi ya mtendaji wa kijiji, ambako mwenyekiti akibadilika bado itaonekana.